Dakika Mbili na Sekunde Kumi

Saa mbili na nusu asubuhi, Buckie, Januari,
bado giza, chumvi na barafu kwenye kioo cha gari.
Bi. Euphemia Cowie akanifungulia akiwa amevaa koti,
koti la kutokea, vifungo hadi shingoni,
ndani ya nyumba yake mwenyewe.
"Inawaka," akasema, "inazimika. Inawaka. Inazimika.
Usiku kucha, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni."

Nikapindua ndoo, nikaketi mbele ya boila.
Fundi mwenye pupa huanza na bisibisi.
Mimi huanza na saa.

Feni ikavuta pumzi. Cheche: tik, tik, tik.
Mwali ukashika, wa buluu, mnene,
na joto likapanda kama mtoto apandavyo ngazi, mbilimbili:
arobaini, hamsini na tano, sabini,
themanini —
tap.
Kimya.
Dakika mbili na sekunde kumi.
Nikaandika nyuma ya risiti ya mkate.
Dakika tatu za kupoa, kisha cheche tena.
Moto wa mabua: mwingi, na hauivishi kitu.

Nikaanza kuwaachia washukiwa, mmoja mmoja.
Presha, baa moja na nusu: nenda zako.
Kihisi joto nikakitumbukiza kwenye chai aliyonipa,
nikasoma mita: kinasema kweli. (Chai nikaimwaga.)
Pampu nikaigusa kwa bisibisi, mpini sikioni;
inazunguka laini, haikwaruzi.
Matope? Nikalegeza nati, nikakinga maji kwa kisahani:
kijivu cha uzee tu,
si ule wino niliouona wiki jana kwa akina Farquhar.
Themostati ya ukumbini inaomba ishirini, ina kumi na tatu.
Inaomba tangu Oktoba.

Ndipo nikashika bomba la kwendea. Linachoma.
Nikashika la kurudia.
Nalo linachoma.
Maji yametoka na mzigo, yamerudi na mzigo ule ule,
hayakumkuta wa kuupokea.

"Naomba nione vyumba."
Zulia la ngazi limechakaa chini tu, huku juu bado jipya.
Chumba cha Innes, aliyeko Calgary: vali imekazwa.
Cha mapacha: imekazwa.
Bafu la juu, chumba cha cherehani, sebule, korido: imekazwa, imekazwa,
moja kwa koleo, nikaona alama za meno.
Rejeta kumi na moja,
na nyumba inaishi kwa moja, ile ya jikoni.

"Nimpashie joto nani?" akauliza. Hakuwa na hasira.
"Bili ya Novemba ilinifanya nikae chini."

Kilowati thelathini na tano.
Marehemu Wattie aliinunua wakati meza ile ilikuwa na watu tisa
na zamu ya kuoga ilipiganiwa.
Ni sufuria la harusi juu ya jiko, na mlaji ni mmoja,
naye anakula mkate kwa siagi.
Hilo sikulisema. Nilisema:
"Haiumwi. Imekosa pa kupeleka."

Nikaingia kwenye mipangilio ya mafundi, nikaipunguza
hadi saba, chini ya hapo haishuki.
Maji nikayateremsha hadi hamsini na tano.
Nikamweleza: kuwasha ndiko kunakokula gesi,
kama gari la posta linalosimama kila mlango.
Sebule nikafungua mimi. Korido pia.
Ya Innes akafungua mwenyewe, kwa mikono miwili,
nusu mzunguko. "Nusu tu," akaniambia,
kana kwamba ningebisha.

Tukakaa jikoni na saa yangu.
Dakika nne. Tisa.
Ya kumi na saba, mwali bado upo, mdogo, umetulia,
bomba la kurudia vuguvugu mkononi.
Akafungua kifungo cha juu cha koti. Kimoja.

Nilipokuwa nafunga kisanduku
aliinamisha kichwa upande wa boila, akasikiliza.
"Haisemi tena," akasema.
Kisha: "Sasa usiku nitahesabu nini?"

Nikamwandikia ankara ya saa moja,
ingawa nilikaa mbili.