Pumzi ya Kupandia

Kwenye tambarare haina neno.
Unabonyeza kitufe, unaondoa mguu,
na pikapu inashika maili hamsini na tano
kama mbwa aliyeshika mfupa.

Kisha mlima wa Laurel unaanza.
Hamsini na mbili. Arobaini na nane.
Gia ya nne inaachia, ya tatu inadaka kwa kishindo,
injini inapiga ukelele, vikombe vinagongana,
halafu, bila kuulizwa, ya nne tena,
tena ya tatu, ya nne,
kama mtu aliyesimama mlangoni
kasahau alichokifuata chumbani.

Hobart, kiti cha abiria, haongei mlimani.
Pumzi zake ni za kuhesabu:
miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi, kwenye makaa,
na sasa mtungi wa oksijeni katikati ya magoti,
mrija mwembamba umepita nyuma ya masikio.
Kila Jumanne nampeleka kliniki, ng'ambo ya mlima,
na kila Jumanne tunapanda hivi, kwa mitikisiko,
mkono wake umeng'ang'ania dashibodi.

Mafundi nimewaona.
Wa Elkins alisema giaboksi imekwisha,
dola elfu mbili na mia nane;
ile mia nane akaitamka taratibu, kama anayetoa pole.
Mpwa wangu Tolliver akasema ni kompyuta.
Nikamwambia gari hili limezaliwa kabla mama yako hajaolewa,
kompyuta yake ni mimi.
Jirani akasema badilisha mafuta ya giaboksi. Nikabadilisha.
Yalikuwa mekundu, masafi, hayanuki kuungua.
Nikakaza kebo. Nikafuta swichi ya breki.
Jumanne ikaja.
Ya tatu, ya nne, ya tatu.

Jumamosi nilifungua boneti uani,
injini inanguruma, tochi nimeing'ata mdomoni,
Hobart amekalia ndoo iliyopinduliwa
maana kiti kilikuwa mbali, hatua tisa.
Akainua kidole.
Nyamaza, Orpha.
Na mimi sikuwa nimesema kitu.

Inavuta, akasema.
Akatulia, akatafuta hewa ya neno la pili.
Pembeni. Chini ya betri. Inavuta upepo.

Mgodini, aliwahi kuniambia, husikilizi mwamba;
unasikiliza upepo unaopita pasipo na njia.
Nikakifuata kidole chake kwa kidole changu
hadi kwenye mpira mmoja, mnene kama penseli,
unaopeleka mvuto wa injini kwenye kile kikopo
kinachokanyaga akselereta badala ya mguu wako.
Umepasuka penye kona, ufa wa ukucha.
Nikauziba kwa gumba: mluzi ukakatika.

Kumbe.
Tambarare mvuto ni mwingi, hata ukivuja unatosha.
Mlimani injini ina shida zake, haina cha kugawa,
na kile kidogo kilichobaki kinaponyoka ufani.
Mguu usioonekana unalegea, unashtuka, unakanyaga mno.
Giaboksi, maskini, ilikuwa inatii tu.

Dola nne na senti kumi, mpira wa futi mbili.
Muuzaji akauliza kama nataka risiti.

Jumanne, chini ya mlima, nikabonyeza kitufe.
Kona ya kanisa, hamsini na tano.
Kona ya machimbo ya mawe, hamsini na nne;
gia ya nne ikaachia mara moja, kwa adabu,
ya tatu ikapokea, ikakaa.
Tukapanda kwa sauti moja.
Vikombe kimya.

Kileleni nikamtazama. Mkono haukuwa dashibodi.
Ulikuwa mfukoni mwa shati, unachezea kile kipande kibovu
alichonikataza kukitupa.
Akakitoa, akakitia mdomoni, akaziba ncha ya pili,
akapuliza kidogo, kile kidogo alichonacho,
akasikiliza.

Sikumuuliza anasikia nini.
Nikazima ovadraivu,
injini ikatushika toka nyuma,
tukaanza kuteremka.