Kunusa Godoro

Pua yangu ndiyo jembe langu.
Miaka kumi na moja ghalani Mbale
nainamia vikombe vya kahawa na kunusa:
hii ilipata jua la kutosha, hii ililala mvuani,
hii ina ukungu, irudishwe.
Wakulima hununa, lakini wanajua.

Nyumbani nilikuwa kipofu wa pua.
Miezi miwili Khainza alilala
juu ya godoro aliloshona bibi yake, Namataka,
sufi ya msufi ulio nyuma ya zizi kule Bubulo,
aliyoichambua mbegu moja moja
msimu mzima, mimba ikikua.
Nani angelinusa godoro la namna hiyo?

Kisha mashavu yakawaka.
Mikunjo ya viwiko ikapasuka kama udongo wa Januari,
na usiku kifua kikapiga kifilimbi chembamba
ambacho mke wangu alidhani ni mbu.
Muuguzi Apolot hakutulaumu. Aliuliza tu:
"Analalia nini?"
Akatueleza habari za utitiri, vidudu visivyoonekana,
vinavyokula magamba ya ngozi yetu
na kulea watoto wao katika joto la mtoto wetu.
Akataja na ukungu.

Ukungu. Nikacheka, kicheko kibaya.
Dirishani mwa zahanati mlima Wanale
ulikuwa umejitanda ukungu mweupe,
ule tunaousifu kwa wageni,
na neno lilelile, bila kubadili hata herufi,
lilikuwa limelala chini ya binti yangu, jeusi,
kwenye mshono wa upande wa ukutani.

Jumamosi nikaenda dukani kwa Higenyi na kamba
niliyopimia kitanda, fundo huku, fundo kule,
pasibaki nafasi ya kupenya vidole viwili.
"Nataka la mtoto mwenye mzio."
Akanionyesha lenye twiga na maputo.
Nikalinusa. Gundi.
Akanionyesha la makumbi ya nazi, limekuja kwa lori kutoka pwani.
Gumu, zuri, lakini ndani yake nikasikia vumbi
linalongoja mvua.
La tatu lilimeza ngumi yangu, likasahau kuirudisha.
"Ulaini ndio raha," alisema.
Raha ya nani? Wa miezi miwili hajui kujigeuza.

Wateja wakaanza kunitazama,
mwanamume mzima amelaza uso kwenye godoro la kitoto,
macho kayafumba, anahesabu pumzi:
ishirini, thelathini, sitini.
La nne halikuwa na harufu ya kitu.
Sponji ngumu, foronya yenye zipu,
inavulika, inafulika kwa maji ya moto.
Halina hata ua moja. Rangi ya uji.
Katika kazi yangu kikombe kisicho na harufu ni hasara.
Hapa nililipa elfu tisini na tano
bila kuomba kupunguziwa,
hata Higenyi akasikitika kwa niaba yangu.

Ikabaki kumwambia Namataka.
Njia nzima niliyakoroga maneno, nikayatia sukari.
Alinisikiliza hadi mwisho.
Kisha akaomba wembe, akatoka na godoro hadi uani,
upepo ukiwa unaelekea migombani,
akafumua mshono aliousokota mwenyewe,
polepole, asikate kitambaa.
Sufi akaitia guniani:
"Hii itafaa magoti yangu kanisani."
Kitambaa akakichemsha mara mbili,
akakianika kutwa nzima,
akaniwekea mkononi kikiwa bado na joto.
"Shuka hilo. Nusa."

Nikanusa.
Sabuni. Jua.
Na chini kabisa, kwa mbali, kuni za mkaratusi.
Ningeweza kunyamaza. Mkwe hunyamaza.
"Moshi, mama."

Akanitazama vile wakulima wanavyonitazama.
Akakichukua, akakirudisha kwenye beseni,
na safari hii akavuta kamba
akaifunga upande wa pili wa nyumba,
mbali na jiko.