Deni la Namba Tisa

Jezi kumi na nane, mwezi wa nane,
nilizishona namba kwa mkopo.
Katibu alisimama mlangoni kwangu, hapa Majengo,
kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa:
"Dada Aikande, tukishinda mbili tatu, hela ipo."

Sasa ni mwezi wa nne.
Tumeshinda moja.
Na hiyo moja ni ya mezani:
basi la wapinzani lilikufa Same.

Baba alibeba magunia ghala la kahawa
na timu ilikuwa ya ghala;
mshahara wa kipa ulitoka kwenye buni.
Jumamosi alinipandisha begani,
shati lake likinuka vumbi la maganda,
nikaujua mpira kabla sijajua kusoma.
Leo ghala ni ukumbi wa harusi.
Timu imebaki na jina, Kahawa,
na mimi nimebaki na timu.

Wanasema mpira unadunda.
Wetu hudunda ukielekea golini kwetu.

Mume wangu ananihurumia.
Yeye ana timu yake ya Dar,
hushinda akiwa kochini, soksi miguuni;
hajawahi kulowa kwa ajili yao.
"Hamia huku, mama," ananiambia,
kama vile timu ni nyumba ya kupanga.

Walipokuja hao wa Dar, Ushirika ulifurika.
Watu ambao sijawahi kuwaona wakikata tiketi
walipanga foleni tangu saa nne asubuhi,
wamejipaka rangi hadi kope.
Sisi tulikuwa arobaini na mmoja, upande wa jua,
wageni sebuleni kwetu,
na ngoma moja iliyopasuka.
Mlima ulijifunika wingu mapema. Sikuulaumu.
Walitufunga nne.
Kwenye la nne nilisikia kigelegele ninachokijua:
Mama Ndeshi, jirani yangu wa duka, mzaliwa wa Njoro.
Wiki nzima chumvi nilinunua kwingine.

Na hii namba tisa.
Aliivaa kwanza Elirehema. Magoli matano kufikia Krismasi,
halafu gari jeusi likaja, likamchukua.
Alinirudishia jezi imefuliwa, imepigwa pasi,
akasema, "Dada, nitawakumbuka."
Nilimwona kwenye televisheni, benchi, akitafuna kucha.
Akaivaa Mshana; goti likamsaliti Februari.
Sasa anayo Twaha, mtoto wa Pasua,
miaka kumi na nane, miguu kama mabua.
Nimeipunguza inchi mbili kila ubavu, bado inapepea.

Jumamosi, dakika ya themanini na nane, penalti.
Tukifunga tunapona.
Sikuangalia. Niliangalia viatu vya watu.
Nikasikia: kong'!
Mwamba una sauti moja tu,
huwezi kuisikia ukadhani ni kitu kingine.
Mzee Kiwelu aliketi kwenye saruji, taratibu,
kama anayeshusha trei la mayai.

Kimahesabu bado tupo. Ipo mechi ya mchujo.
Nalichukia neno hilo, kimahesabu;
limenifanya mjinga misimu mitatu.

Jana Twaha alikuja, hanitazami usoni.
"Dada, namba inabanduka."
Kweli, mkia wa tisa ulikuwa unaning'inia.
Nikamkalisha, nikamwekea chai na kiazi,
nikaishona mara mbili kwa uzi wa viatu,
ule usiokatika hata ukiuomba.
Daftarini, chini ya deni la jezi kumi na nane,
nikaandika: namba tisa, kushona upya.
Bei nikaiandika. Tarehe ya kulipa nikaiacha.

Mchujo ni Jumapili, saa kumi.
Ngoma tumeiziba kwa kipande cha tairi.
Mume wangu nimeshamwambia:
ugali, siku hiyo, apike mwenyewe.