Kupishana

Handaki la kaskazini lina njia moja tu.
Walilitoboa mlimani enzi magari ya Faroe yakihesabika kwa vidole,
wakachonga ubavuni vishubaka vya kupishania,
na sheria ikawa fupi: aendaye kaskazini ndiye apishaye.
Hakuna askari. Kuna giza, matone juu ya bati la gari,
na taa za mtu mwingine zikija.

Kazini, Klaksvík, naandika sheria za namna hiyo hiyo,
ila wasafiri wangu ni vifurushi vya data
kwenye waya uliolala chini ya bahari.
Tuma kimoja. Kikijibiwa, tuma viwili.
Ongeza kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi.
Kikipotea kimoja, usitafute mkosaji:
kata nusu, anza tena kwa adabu.
Rókur huniuliza, mbona nusu, mbona si robo?
Namjibu: apandaye ni mmoja, wasongwao ni wote.

Kimya nacho kina kanuni yake.
Usipojibiwa, ngoja sekunde moja, uite.
Kisha mbili. Nne. Nane. Kumi na sita.
Kila kimya kizae kimya mara mbili yake.

Ndivyo nilivyomfanyia kaka yangu Hanus
tangu mama afe, tukagombania malisho ya kondoo sabini.
Nilimpigia baada ya wiki. Kisha baada ya mbili.
Kisha mwezi. Kisha Krismasi, kisha ile nyingine.
Sikukata tamaa; nilirefusha tu kungoja,
wala sikuandika popote mstari wa kusema basi.

Jana, ukungu, nikielekea kaskazini,
lori la samaki likanimulika katikati ya mlima.
Niliijua taa yake ya kushoto, ile chongo.
Mwenye nguvu mpishe: nikarudi kinyumenyume
hadi kishubakani, nikapunguza taa.
Hakupita.
Naye alikuwa akirudi nyuma, lori zima,
pii, pii, pii, hadi kwenye kishubaka chake.

Nikatoka. Akatoka.
Nikarudi. Akarudi.
Mara tatu,
watu wawili wenye adabu wakaifunga njia kwa heshima
kuliko ambavyo wangeifunga kwa ugomvi.
Nyuma yangu basi la shule likapiga honi.

Ugonjwa huu naujua, dawa yake ni bahati nasibu:
kila mmoja arushe dadu lake,
angoje muda usiolingana na wa mwenzake.
Dadu sikuwa nalo.
Nikahesabu matone kwenye kioo,
yakifika kumi na moja natoka.

Tone la tisa, akaja.
Polepole, dirisha wazi, harufu ya samaki ikimtangulia.
Akafika ubavuni mwangu, akasimama.
"Sunnvá," akasema, "unapiga simu usiku mno."

Honi zikazidi, mbele na nyuma.
Tukaziacha zilie.