Doa la Mbarika

Mwezi wa saba, Buigiri,
upepo hauulizi mlango uko wapi.
Visigino hupasuka kama majaruba ya Bahi mpunga ukishavunwa,
na sisi watoto, darasani,
tuliandika majina yetu kwa ukucha
kwenye miguu iliyopauka.

Mama alichukia mpauko kuliko deni.
"Umaskini tumeukuta," alisema, "mpauko tumejitakia."
Akatuita kwa zamu: mimi, Elikana,
na Mendwa aliyekimbia kila mara,
akakamatwa kila mara,
akapakwa huku analia, mpaka machozi nayo
yakashindwa kushika shavuni.

Mafuta yenyewe aliyatengeneza yeye.
Mbarika alizikaanga kwenye kigae mpaka zikatoa jasho,
akatwanga, akachemsha,
akaengua kilichoelea kwa kijiko kisicho na mpini,
akamimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Yalikuwa mazito, yanatoka kwa kubembelezwa.
Yalinuka karanga zilizoungua
na kitu kingine ambacho sijakijulia jina.
Shuleni wakatuita ukoo wa mbarika.
Mafuta ya mgando, yale ya kopo la dukani,
yalikuwa ya Krismasi:
nukta moja kwenye paji, ueneze mwenyewe.

Jumamosi jioni, nywele.
Mama kwenye kigoda, mgongo ukutani,
mimi chini, kati ya magoti yake,
kichwa changu kikigawanywa kwa kijiti cha ufagio
kama shamba la urithi.
Kilichobaki kiganjani alijifutia kichwani mwake,
kisha, akichoka, akaegemea.

Kuegemea mara moja si kitu.
Miaka thelathini ni doa:
jeusi, la mviringo,
kimo cha mwanamke aliyeketi.

*

Mama Foibe tumemzika mwaka juzi.
Mwaka huu Elikana kapiga simu:
wafanyakazi wa serikali wanatafuta vyumba,
paka rangi nyumba, dada, tupangishe.
Fundi Chidosa akaja na brashi mbili na redio.
Akapaka nyeupe. Asubuhi doa lilikuwa la njano.
Akapaka tena. Asubuhi, kahawia.
Mara ya tatu akakaa chini, akazima redio,
akalitazama kama mtu anayedaiwa.
"Rangi ya maji haimwezi huyu," akasema.
Alisema *huyu*.
"Hapa ni mafuta kwa mafuta. Nunua rangi ya mafuta,
elfu arobaini na tano, tumfunike."

Elikana alituma hela siku ileile.
Nimenunulia bati la choo.
Bado hajui, na akisoma hapa, basi amejua.

*

Mpangaji anaitwa Rehani, karani huko Mtumba,
ana binti wa miaka sita na makopo kumi na moja dirishani:
ya nazi, ya ubuyu, ya parachichi,
moja lina picha ya mwanamke mwenye nywele
ambazo hakuna kopo litakalozileta.
Siku ya kwanza aliuliza, "Hili nini?"
Nikasema, "Unyevu."
Nikapunguza kodi elfu tano kwa ajili ya uongo huo.

Jana, Jumamosi, nimekwenda kuchukua changu.
Mlango ulikuwa wazi. Sikubisha.
Binti alikuwa chini, shingo imepinda, analalamika;
mama yake juu, kitana mdomoni,
vidole vinang'aa mpaka kwenye pete.
"Tulia," anasema, "nikimaliza utaniambia asante."
Kisha akachoka. Akaegemea.

Palepale.

Nywele zake zilinuka nazi.
Ukuta ulinuka ule ukuta.
Akanihesabia noti mkononi, zikateleza,
nikazikunja bila kuzitazama.
Nimefika barabarani ndipo nikakumbuka
kwamba sikuhesabu,
na kwamba kiganja changu,
katika upepo ule wote,
hakikuwa kimepauka.