Tangazo la Nne

La kwanza: wachumba, mara ya pili kutangazwa,
Elieza wa Ilindi na Foibe binti Chiwanga.
Mwenye pingamizi aseme. Hakusema mtu.
La pili: zaka ya mavuno. Uwele uletwe mkavu,
mwaka jana magunia sita yaliliwa na dumuzi ghalani.
La tatu: ameokotwa mbuzi, dume, sikio la kushoto limechanwa,
yuko kwa Masima; mwenyewe aende na shahidi.

La nne lilikuwa na muhuri.

Nikafuta miwani, nikasoma kwa sauti ileile ya mbuzi:
Baba Askofu ameng'atuka
kwa ajili ya afya yake na amani ya Kanisa.
Tumshukuru kwa miaka kumi na tisa,
kwa visima vitatu, kwa bati hizi za Chilomwa,
kwa bweni la wavulana.

Hapo kwenye bweni ulimi ukanikwama
kama mlenda usiotiwa magadi.

Mama Yudesi wa Umoja akaziba mdomo kwa kitenge:
"Wangu wote watano kawabatiza yeye."
Kwaya ilikuwa imeshasimama;
mpiga kinanda akabonyeza sauti moja, akaisahau chini ya kidole.
Mjukuu wangu, mbele kabisa, miguu haifiki sakafuni:
"Babu, Askofu anaumwa wapi?"

Nje, wanaume wakagawana kivuli na maneno.
Fitina za uchaguzi, huyu.
Magazeti ya mjini, yule.
Mpakwa mafuta haguswi, mwanangu, utakauka mkono.
Mwalimu Mbeleje akatema mate vumbini:
"Na wale watoto, wao waliguswa kwa ruhusa ya nani?"
Mtu akauliza kama dayosisi itadai bati zake.
Tukacheka kidogo. Mungu atusamehe, tulicheka.

Sasa niseme langu.

Miaka sita iliyopita, kiangazi, ng'ombe wamebaki mbavu,
Damari Mlewa alikuja kwangu na mwanawe Amosi,
kidato cha pili, karudi na godoro lake kichwani.
Nikamtolea kigoda. Uji ulipoa mbele yake.
Alisema yote kwa Kigogo,
maana kwa Kiswahili hakuwa na pa kuyashika.
Nami niliyekua kwa lugha hiyohiyo
nikamjibu kwa Kiswahili cha kanisani:
"Jambo hili, mama, tuliombee."
Sikuandika neno. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Jumapili ile Amosi alikuwa kisimani, hatua arobaini kutoka mlangoni,
anajaza madumu kwenye mkokoteni wa punda.
Spika yetu inafika mpaka relini,
kwa hiyo alisikia, neno kwa neno,
kwa sauti yangu.

Nikamfuata na barua mkononi, sijui kwa nini.
Hakuzima bomba.
"Jina langu limo?"
"Halimo."
"Na la Yaredi?"
Yaredi tulimzika mwaka wa pili wa ukame. Tulisema ni malaria.
"Halimo."
Akafunga dumu la mwisho, akakaza kifuniko kwa kiganja,
akamwambia punda twende.

Jioni nilikwenda kwa Damari.
Nilipita njia ya nyuma, ya mashamba, nisionekane;
hata toba yangu ina aibu zake.
Alikuwa anapepeta uwele. Hakusimama.
Makapi yakaja usoni kwangu, upepo ulikuwa upande wake.
Kigoda kilikuwepo, kimeegemea ukuta. Hakukisogeza.

Nikakohoa. Nikaanza:
"Mama Amosi, kwa niaba ya wazee wa kanisa—"

Ungo ukatulia.
"Sema kwa Kigogo," akasema.

Nikafungua mdomo.
Kuku wakapita kati yetu, wakadonoa zilizomwagika.
Yeye akangoja, ungo kifuani,
na mimi bado natafuta neno la kwanza.