Vidonge Thelathini na Vinne

Mia na arobaini na nane juu ya tisini na moja.
Si ya kulazwa, alisema Daktari Tikkanen,
wala si ya kupuuzwa.
Nje ya dirisha theluji ilishuka
kama mtu asiye na haraka ya kufika.
Akaandika dawa. Akaandika nyingine.
Nikangoja aweke kalamu chini.
Akaandika ya tatu.

Presha kidogo, dawa tele, nikamwambia,
hesabu gani hii? Mbu mmoja, nyundo tatu?
Si nyundo, Reijo, akasema. Vijiko vya chai.
Dozi ndogo ya hiki, ndogo ya kile,
kuliko kimoja kikubwa kikutie kizunguzungu bafuni.
Haba na haba hujaza kibaba, hilo nalijua.
Kwamba hukipunguza pia
nilikuwa sijaambiwa.

Cheupe hulegeza mishipa.
Cha njano huitoa chumvi kwa mlango wa nyuma.
Cha waridi, kidogo kama yai la sisimizi,
sikumbuki hufanya nini.
Sirkka anakumbuka.
Kila Jumapili jioni huvipanga
katika kijisanduku cha vyumba saba,
miwani puani, midomo ikihesabu,
na mimi namtazama
kama mtoto anayefungiwa chakula cha shule.

Basi nilidanganya.
Majuma matano nilimeza viwili,
cha waridi nikakitumbukiza mfukoni
mwa koti langu la zamani la kinuni, nyuma ya mlango.
Sina sababu ya maana. Vitatu ni vya wagonjwa;
viwili, mtu anaweza kusema ni mazoea.
Na daftarini niliandika namba nzuri,
mia na ishirini na nane, sabini na tisa,
namba zilizopigwa pasi kama shati la harusi.

Jioni moja, tukila samaki wa chumvi
(samaki, naam, nao walikatazwa),
Sirkka aliinuka, akalichukua lile koti,
akalikung'uta juu ya meza.
Vikabingirika kati ya siagi na mkate mweusi.
Akavihesabu kwa sauti, kimoja kimoja.
Thelathini na vinne.
Cha thelathini na tano nilikimeza kwa kusahau.

Hakupandisha sauti.
Kinuni, akauliza,
ungeandika kipimo cha uongo?

Nilikuwa mtu wa boila, kinu cha karatasi, Varkaus,
miaka thelathini na mmoja.
Sikuwahi kuongeza wala kupunguza mshale hata unywele.
Na vali moja hatukuifungua yote kwa mpigo.
Pentti alifanya hivyo, usiku wa mkesha wa Krismasi:
bomba liliruka kama farasi,
na sikio lake la kushoto hadi leo
husikia filimbi tu.
Sisi tulifungua tatu, kila moja robo ya mzunguko,
na mvuke ukatoka ukinong'ona,
na hakuna aliyeamka mjini.
Haya yote niliyajua.
Nilikaa na uma mkononi nikiyajua.

Sasa namba zangu ni mbaya kidogo, na za kweli.
Leo mia na thelathini na tisa, themanini na sita,
na doa la kahawa juu yake.
Vifundo vya miguu huvimba jioni,
soksi huacha mchoro kama pete;
daktari anasema tutabadilisha cheupe, tuone.
Tuone. Ndiyo dawa ya nne, nadhani.

Saa tisa usiku cha njano huniamsha.
Nasimama msalani gizani, dirisha limeganda pembeni,
na kule ziwani barafu inapasuka:
mlio mrefu, kama mtu anaburuta mnyororo chini ya dunia,
kisha kimya, kisha mwingine, mdogo.
Narudi kitandani na miguu baridi.
Sirkka amelala, au anajifanya.
Mkono wake uko upande wangu,
vidole viwili vimenyooka
vikitafuta kifundo cha mkono.